Lenzi Kuukuu Juu ya Paa la Guleid

Siku ya nne ya mafuriko watu walianza kunipa pole. Hawakusema ni pole ya nini. Jirani yangu alikuja na chupa ya chai, akakaa mkekani, akanishika mkono na kuniambia, "Subira, Mama Hani."

Nikamwuliza, "Subira ya nini? Nani amekufa?"

Akatazama chini, akanimiminia chai. Aliweka sukari nyingi kama ninavyopenda. Alikuwa na nia njema, nami nikainywa.

Walikuwa wanamfikiria ndugu yangu Siyad. Mvua haikunyesha Garissa siku zile. Jua lilikuwa lile lile letu. Maji yalitoka juu, milimani, yakafika taratibu, na kulipokucha mto Tana ulikuwa umeingia mashambani na migomba imebaki vichwa tu. Siyad alikuwa huko chini, upande wetu wa mto, na ngamia wake. Alikuwa amewaleta kunywa maji kutoka upande wa Habaswein. Idadi yao sitaitaja, maana kwetu mifugo ya mtu haihesabiwi kwa mdomo.

Siku ya kwanza alipiga simu. "Abaayo," akasema, maana ndivyo anavyoniita, mimi dada yake, "niko juu ya kile kilima cha mashamba. Maji yametuzunguka lakini hayajapanda. Usiwe na wasiwasi." Siku ya pili simu yake ikawa haipatikani. Ya tatu vile vile.

Siyad nilimlea mimi. Mama yetu alifariki mtoto akiwa hajaanza kutembea, nami nilikuwa na miaka tisa. Nilimbeba mgongoni mpaka nikawa natembea nimeinama hata nisipokuwa naye. Leo ana miaka zaidi ya sitini na magoti yanamsumbua, lakini nikimfikiria namwona bado ana makamasi.

Asubuhi ile nilishuka mpaka maji yalipoishia, pale boti zilipokuwa zinafunga. Kijana mmoja anayeitwa Keinan ndiye aliyekuwa anaendesha boti kubwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimweleza habari ya kilima na ndugu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunikatiza, ingawa watu watatu walikuwa wanamwita.

"Mama," akasema, "mafuta tunapewa ya kupima. Nikitoka naenda mahali ambapo watu wameonekana kwa macho. Kile kilima tumekitazama kutoka hapa, hatuoni mtu. Tunaona vichaka. Na huko maji yanakimbia, siwezi kupeleka vijana wangu kwa kubahatisha. Nionyeshe mtu. Hata mmoja. Nikimwona nitaenda, wallahi."

"Na mamba?" akauliza mtu mmoja nyuma yangu. "Si wamesema mamba wametoka mtoni wameingia mashambani?"

Keinan alimtazama kwa hasira mpaka akanyamaza. Nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mjukuu wangu Fowsiya anafuta kamera yake. Fowsiya ni binti wa binti yangu Hani. Kazi yake ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake, kule ambako wanawake wamevua hijabu na mpiga picha mwanamume haingii. Kamera yake ni ya kisasa, ndogo, ya kidijitali, aliinunua kwa rafiki yake wa chuo. Lenzi iliyokuja nayo ni fupi. Inafaa kwa bibi harusi aliyekaa mbele yako, si kwa kitu kilicho mbali.

Lakini nilijua ana nyingine. Mwaka jana aliitoa kwa Khalif, fundi wa redio sokoni. Ilikuwa imekaa miaka mingi kwenye katoni pamoja na rimoti zilizokufa. Ilikuwa ya kamera za zamani zilizotumia filamu, nyeusi, ndefu, nzito kama mchi. Khalif alimwuzia kwa bei ya soda mbili, akamwambia mwenye lenzi alishahamia Amerika na hatairudia. Fowsiya akaagiza kipete cha chuma kutoka Nairobi, kinachounganisha lenzi ya zamani na kamera mpya. Yeye hukiita adapta. Alijaribu mara moja, akasema picha ni ukungu mtupu, akaitupa kwenye droo ya pini za hijabu.

"Lile bomba lako jeusi," nikamwambia, "linaona mpaka wapi?"

"Lenzi, Ayeyo," akasema, maana kwetu bibi ni ayeyo. "Si bomba."

"Linaona mpaka wapi?"

Aliacha kufuta. Ana akili huyu mtoto, hakuhitaji nimweleze. "Inavuta mbali sana," akasema. "Lakini ni ya kitambo, Ayeyo. Kila kitu unafanya kwa mkono. Na mimi sijaielewa vizuri."

"Basi twende tukaielewe."

Nyumba ndefu kuliko zote upande wetu ni ya Guleid, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ina ghorofa tatu na paa la zege ambalo hajamaliza kulijengea ukuta. Nondo zimechomoza tu kila kona. Tulimkuta mlangoni anapima misumari.

"Guleid," nikamwambia, "nyumba yako imeniziba upepo miaka kumi. Leo nataka kuipanda."

"Panda, mama. Lakini ukianguka usiseme Guleid alijenga vibaya."

"Nikianguka sitasema chochote."

Akacheka, kisha akaona kamera na uso wangu, akaacha kucheka. Alifunga duka lake mchana kweupe, akatangulia ngazini, na kila nilipopumzika yeye pia alijifanya anapumzika.

Juu kulikuwa na upepo wa moto. Maji yalitanda mbele yetu kama bati jipya, na mbali, pengine kilomita moja kasoro, kilionekana kile kilima. Kwa macho yangu kilikuwa doa la kahawia tu.

Fowsiya alifunga lenzi kwenye adapta, adapta kwenye kamera. Akabonyeza. Kamera ikakaa kimya.

"Inasema haina lenzi," akasema.

"Mwambie anayo."

"Si mtu, Ayeyo!" Lakini alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile. Akanieleza huku anatafuta kwenye kioo cha nyuma: kamera hizi mpya zimezoea kuzungumza na lenzi zake kwa umeme, na lenzi ya zamani haina la kusema, ni chuma na vioo tu, basi kamera hudhani iko uchi. Alitafuta mpaka akapata mahali pa kuiambia ipige hata kama haitambui kitu mbele yake. Akabonyeza tena. Ikalia tii.

Guleid akaja mbio. "Hiyo picha iko wapi? Nionyeshe."

Tukatazama wote watatu. Hapakuwa na kilima. Palikuwa na rangi zinazotetemeka, kama unavyoona kitu kupitia moshi wa jiko. Fowsiya akazungusha pete ya lenzi kulia, kushoto, akapiga nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Macho yake yakajaa machozi.

"Nilikuambia. Ni mbovu. Ndiyo maana Khalif aliitupa."

Nilitazama lile bomba, kisha nikatazama maji. Hewa juu ya maji ilikuwa inacheza.

"Si lenzi," nikamwambia. "Ni saa. Saa hizi hata ngamia aliye mbele yako huonekana kama moshi. Mtu akipoteza mnyama hamtafuti adhuhuri. Anaamka kabla ya jua, ardhi ikiwa bado baridi, ndipo mbali panakuwa karibu."

Guleid akatikisa kichwa kukubali. Baba yake alikuwa mchungaji wa ngamia huko Kutulo kabla hawajajua misumari. "Njooni baada ya swala ya alfajiri," akasema. "Ngazi nitaacha wazi. Mbwa sina."

Kulipopambazuka tulikuwa juu. Guleid alikuwa ametutangulia na alikuwa ametandika kipande cha kapeti ili nisikae juu ya zege. Sikumwomba. Hewa ilikuwa safi, imetulia, na kilima kilionekana mpaka miti yake.

Fowsiya alikuwa amekesha anasoma kwenye simu. Alikuja na maarifa. Aliiambia kamera urefu wa lenzi kwa tarakimu, ili ile mashine ya ndani inayozuia mtikisiko ijue itulize kiasi gani. Alikaza kidogo tundu la lenzi, kwa sababu likiwa wazi kabisa, alisema, hii ya zamani huwa laini kama siagi. Sehemu ya mbele ya lenzi ilikuwa na tabia ya kuteleza yenyewe kamera ikiinama, basi akavua mpira wa nywele akaufunga pale. Kisha akatafuta mahali pa kuiegemeza na hakupaona, kwa kuwa upande ule wa paa haukuwa na ukuta.

"Weka hapa," nikasema, nikampa bega langu.

Nilikaa nimeelekea mtoni, yeye akapiga magoti nyuma yangu. Uzito wa lenzi ukatua begani. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Usipumue, Ayeyo."

"Nikiacha kupumua tutakuwa wawili wa kuombewa."

"Ayeyo, tafadhali!"

Nikabana pumzi. Jua lilikuwa linachomoza kushotoni na mwanga wake ulikuwa unaingia kwenye kioo cha mbele. Fowsiya akalalamika kwamba kila kitu kinakuwa cheupe. Guleid aliokota katoni tupu ya vigae, akasimama pembeni, akaitandaza hewani kukinga jua. Guleid ni mtu mnene na mikono yake haijazoea kukaa juu. Niliona inaanza kutetemeka, naye hakuishusha.

Nyuma yangu Fowsiya alikuwa anaikuza picha kwenye kioo na kuzungusha pete kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. "Kamera inatia wekundu kwenye kingo picha ikikaa sawa," alinong'ona. "Subiri. Subiri. Hapo."

Tii. Tii. Tii.

Kisha akasema, "Mtu. Ayeyo, kuna mtu amesimama!"

"Alhamdulillah," akasema Guleid, akashusha katoni.

Nilitaka kugeuka lakini mwili ulikataa. Nikangoja aniletee. Hakuniletea. Nilimsikia anabonyeza anakuza, anakuza tena, kisha sauti ikamtoka ambayo sikuipenda.

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Fowsiya."

"Ayeyo... awowe, babu Siyad, ana mguu mmoja."

Guleid alisema innalillahi. Nilikuwa nasikia sauti ya yule mtu wa jana pale majini, ile habari ya mamba, na nilihisi lile bega langu, lililokuwa limebeba lenzi, limekuwa la mtu mwingine. Fowsiya alikuwa analia waziwazi. "Amesimama kwa mguu mmoja tu. Mwingine haupo, umeishia gotini. Na hana fimbo. Siku nne, Ayeyo! Siku nne yuko hivyo peke yake!"

"Lete hapa."

"Usiangalie."

"Nimemwosha huyo alipokuwa mdogo kuliko hiyo kamera. Lete."

Akaniletea. Macho yangu hayaoni karibu, basi niliishika kamera mbali, mkono ukiwa umenyooka. Nikamwona. Picha haikuwa safi kama za harusi. Ilikuwa na wekundu kidogo pembeni mwa kila kitu na rangi zimefifia. Lakini alikuwa yeye. Mabega yale nayajua, moja liko chini kuliko jingine. Kikoi kimekunjwa juu. Na kweli, mguu mmoja ardhini, na wa pili umeishia gotini.

Nilitazama uso wake. Mtu aliyekatwa mguu haweki uso namna ile. Alikuwa ameinamisha kichwa kando, ametulia, kama mtu anayesikiliza.

"Sogeza picha kulia," nikamwambia Fowsiya. "Hapa pembeni yake ni nini?"

"Kichaka."

"Sogeza."

Akasogeza.

"Kichaka gani hicho kina shingo?"

Fowsiya akafuta macho kwa ncha ya hijabu. Guleid akainama juu ya bega langu. Picha ilikuwa imekuzwa kwa mtu hata kilichokuwa kando yake hakuna aliyekitazama. Yale waliyodhani ni mashina ya miti yalikuwa miguu minne. Ile kahawia yote juu yake lilikuwa tumbo la ngamia.

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, na machozi yakatoka kwenye kicheko hicho hicho, nikashindwa kusema, na Fowsiya akadhani nimepatwa na wazimu.

"Anakamua!" nikasema nilipoweza. "Anakamua, mtoto wewe! Ngamia hakamuliwi kwa kuchuchumaa kama mbuzi. Kiwele kiko juu. Unasimama kwa mguu mmoja, wa pili unaukunja, unyayo unaukanyagia goti, na paja linakuwa meza ya kuwekea chombo. Tazama mikono yake iko wapi. Tazama hicho cheusi juu ya paja."

Guleid alijipiga kofi la paji la uso. "Ya Allah. Na mimi ni mtoto wa mchungaji!"

"Wewe ni mtoto wa misumari," nikamwambia.

Fowsiya alikuwa ameduwaa. Amezaliwa hospitalini, amekulia mjini, maziwa ya ngamia anayajua kwenye jerikeni na kwenye chupa za sokoni. Hajawahi kusimama zizini asubuhi. Si kosa lake. Ni sisi ambao hatukumpeleka.

"Kwa hiyo mguu upo?" akauliza.

"Mguu upo. Magoti mabovu nayo yapo. Na ngamia hashushi maziwa kama mtoto wake hayupo karibu, kwa hiyo mtoto wa ngamia naye amepona. Na mtu mwenye maziwa ya ngamia hafi njaa, hata mwezi. Siyad amekuwa anakunywa vizuri kuliko sisi."

Niliposema hivyo ndipo nilipogundua kwamba tangu siku ya pili sikuwa nimekula kitu cha maana. Guleid aliteremka, akarudi na mkate wa anjera na chai aliyopewa na mkewe, nikala pale pale juu ya kapeti, na hakuna aliyeniharakisha.

Kisha tukaenda kwa Keinan. Fowsiya alimpa kamera bila maneno mengi. Keinan alikinga kioo kwa kiganja, akatazama, akatabasamu.

"Huyu mzee anakamua," akasema.

Fowsiya akanitazama. "Basi mjinga ni mimi peke yangu."

"Wewe uliona nini?" Keinan akamwuliza.

"Usiniulize."

"Aliona mguu mmoja," Guleid akasema, na vijana wote wa boti wakaangua kicheko. Walikuwa hawajacheka siku nyingi, ilionekana. Mmoja akamwambia, "Msichana wa lami wewe, zizi hulijui!" Fowsiya akafunika uso kwa hijabu, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Keinan hakusahau neno lake. Aliwaita wenzake wawili, wakatia mafuta, akaniuliza kama kuna dawa anayotumia mzee. Nikamwambia ya magoti. Akamtuma kijana mbio kwenye duka la dawa kabla ya kuwasha injini.

Walirudi adhuhuri. Siyad hakuwemo. Moyo ulitaka kuanza tena yale yale, lakini Keinan alipaza sauti kabla boti haijagusa ardhi, nami najua alifanya hivyo kwa ajili yangu: "Mzima, mama! Mzima kabisa! Amekataa tu kuja!"

Alikuwa amewaambia kwamba ngamia hawapandi boti na yeye hawaachi, na kwamba maji yameshaanza kupungua, amechomeka kijiti anayapima. Wakamwachia unga, sukari, majani ya chai, dawa na betri ya kuchajia simu. Naye hakukubali waondoke mikono mitupu. Aliwanywesha maziwa wote watatu.

Alasiri simu yangu ikalia.

"Abaayo," akasema, "ni nani aliyenipiga picha nakamua?"

Nilikaa chini kwanza.

"Fowsiya," nikasema. "Kutoka juu ya nyumba ya Guleid. Kwa lenzi kuukuu ya Khalif."

"Kutoka mjini? Alimwona ngamia wangu kutoka mjini?"

"Alimwona."

"Mlisema mashallah?"

Katika kulia kwetu na kucheka kwetu hakuna aliyekumbuka kumkinga ngamia na kijicho.

"Abaayo! Mmemtazama ngamia wa watu akiwa na maziwa, kwa jicho refu namna hiyo, na hamkusema mashallah?"

"Mashallah," nikasema. Nikampa Fowsiya simu naye akasema. Nikampelekea Guleid dukani naye akasema, mara tatu. Siyad akaridhika. Akaniuliza nimekula nini.

Asubuhi iliyofuata tulipanda tena paani. Hakukuwa na haja, lakini Guleid alikuwa ameshatandika kapeti, na bega langu lilikuwa limezoea. Fowsiya alizungusha pete taratibu mpaka kingo zikawa nyekundu, akabonyeza, akatazama, akanipa kamera huku amejibana asicheke.

Siyad alikuwa amesimama juu ya kilima kwa miguu yote miwili. Alikuwa amevaa shati jeupe, sijui alilitoa wapi, na kilemba kimefungwa vizuri. Alijua tutamtazama, ila hakujua nyumba ya Guleid ni ipi. Alikuwa ametugeuzia ubavu, amesimama wima kama mtu wa picha ya kitambulisho, na anaupungia mkono mnara wa simu.